Jogoo wa Bei Rahisi

Jogoo alitumbukia shimoni kwa mara nyingine, na Bingwa akamrudishia muuzaji kile kidude cha gemu cha bei ghali kana kwamba kimemng'ata.

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," alisema, akijicheka kabla hajachekwa. "Huyu ni mimi mtupu. Hebu nipe kile kingine, mama."

Bingwa alikuwa afisa manunuzi, mtu anayelipwa mshahara kwa kupima faida na hasara za vitu. Printa aliyowachagulia wenzake ofisini ilitafuna karatasi mpaka ikafunikwa kitambaa na kuwekewa chungu cha maua juu. Maua aliyamwagilia yeye mwenyewe. "Angalau ni meza nzuri," alikuwa akisema kila anapopita na kopo la maji.

Safari hii hakuwa na nafasi ya kukosea. Jina la Bingwa alipewa utotoni na dada yake mkubwa, enzi walipokuwa wakicheza gemu ya jogoo mwekundu sebuleni kwao, kila mmoja na rimoti yake ya waya. "Cheza tu, Bingwa wangu," dada alikuwa akimwambia, na jogoo akaruka mashimo yote mpaka mwisho. Tangu hapo Bingwa hakuwahi kushinda kitu kingine. Karata alifungwa, drafti alifungwa, na mtihani wa udereva aliurudia mpaka mtahini akawa anamuuliza hali ya familia. Ubingwa ulibaki ule mmoja tu, na binti yake wa sekondari alishaanza kuutilia shaka.

"Shangazi akija Jumamosi, cheza tukuone," binti alikuwa amesema. "Ukishindwa, mimi sikuiti Bingwa tena. Nakuita Baba, basi."

Basi hapo dukani akakishika kidude cha bei rahisi, akakigeuza huku na huku. Hasara zake hata mtu aliyenunua ile printa angeziona. Plastiki ilinuka kama ndala mpya. Sauti ilikuwa ya nyuki ndani ya kopo. Gemu zilizotangazwa kwenye boksi kuwa elfu kumi zilikuwa zilezile chache, zimebadilishwa majina. Isitoshe, chini ya kioo kulikuwa na maandishi ya lugha ya kigeni yanayowaka na kuzimika bila kukoma, yakimchosha macho.

"Haya yanasemaje?"

"Sijui, kaka. Vinakuja hivyohivyo kutoka huko vinakotoka."

Lakini faida yake, jamani! Jogoo aliruka shimo la kwanza, akaruka la pili, akavuka daraja bila kuyumba. Vidole vya Bingwa vikamfuata mbiombio kama zamani. Vitufe vilikuwa laini mno, hata ikawa kama jogoo anajua anachotakiwa kufanya kabla hajabonyezwa. Machozi yalimlengalenga Bingwa palepale kaunta, akasingizia vumbi.

"Rahisi ni ghali, kaka," muuzaji alimwonya.

"Na ghali inanitumbukiza shimoni, mama. Nifungie hiki."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikaa sebuleni, binti upande mmoja na dada yake Bingwa upande wa pili, Bingwa katikati na kidude chake. Mbele yao, kwenye kabati la vioo, kando ya picha ya harusi, ilikaa ile rimoti ya utotoni. Dada alimkabidhi siku alipoolewa, waya wake ukiwa umekunjwa vizuri na kufungwa utepe. "Usiufungue, utakatika," alimwambia. Na hakuna aliyewahi kuufungua.

Bingwa akacheza. Jogoo akaruka, akainama, akaokota mahindi, akavuka daraja.

"Bingwa! Kumbe kweli!" Binti alimng'ang'ania bega, na Bingwa akajihisi mrefu kama alivyokuwa siku zile alipokuwa akimbeba mgongoni. Alitamani gemu isiishe.

Dada hakuangalia kioo. Aliangalia vidole vya mdogo wake. "Cheza tu, Bingwa wangu," alisema, kwa sauti ndogo.

Mara chafya ikamshika Bingwa. Akakiweka kidude mezani, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akapiga chafya, akapiga nyingine.

Mezani, jogoo aliruka shimo. Akaruka jingine. Akavuka daraja na kuokota mahindi yote, hakuacha hata punje.

Binti alikitazama kidude, akamtazama baba yake. Akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja. Yale maandishi ya kigeni yakatoweka, na jogoo akarudi mwanzo, akasimama kungoja amri.

Bingwa alicheka mpaka akakohoa. "Printa ya pili hiyo! Afisa manunuzi mzima, nimenunua jogoo anayejichezea mwenyewe, halafu nikajisifu!" Akajifuta macho. "Lakini mwanangu, hiki ni cha bei rahisi. Cha zamani kilikuwa halisi. Muulize shangazi yako, yeye ndiye shahidi."

Shangazi alikuwa ameshanyanyuka. Alikusanya vikombe, hata vile ambavyo havijaisha chai, akaelekea navyo jikoni.

"Basi lete ile rimoti," Bingwa alisema, "nikuonyeshe vitufe vya kweli vilivyo."

Binti alifungua kabati, akafungua na utepe. Akaukunjua waya polepole, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akaufikia mwisho wake. Hapakuwa na kichwa chochote cha kuchomekea pale, ila fundo dogo kuukuu lililokazwa kwa meno.

Jikoni, vikombe viliacha kugongana.

"Baba," binti aliuliza taratibu, "huu ulikuwa unachomekwa wapi?"