Lango la Posa

Siku hizi posa haijibiwi mpaka mposaji acheze mchezo wa Msituni na shangazi wa binti. Kila mmoja huvaa miwani popote alipo, na kivuli chake hukimbia mle ndani mpaka langoni. Haijaandikwa mahali, lakini kila mchezaji anajua: aliyetangulia humsubiri wa nyuma, wakaingia pamoja. Asiyesubiri hana malezi.

Shangazi Mwanahawa alikuwa mkaguzi mkorofi. Alijitumbukiza mtaroni makusudi, akakaa humo akilalamikia magoti. Kivuli cha Shehoza, aliyemposa Rukia, kilichokuwa kimeshafika langoni, kikarudi mbio na kumnyooshea mkono.

"Pole, Shangazi. Twende taratibu, lango halikimbii."

Walipofika langoni, kivuli kikalishikilia lango ili apite. Mwanahawa akavua miwani palepale, akapiga kigelegele mpaka majirani wakaitikia. "Rukia mwanangu, umepata mume! Pakueni pilau!" Akacheza hadi kanga ikamdondoka.

Ngoma ikiwa imenoga, mlango wa uani ukafunguliwa. Akaingia Shehoza, mikono myeusi kwa grisi, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, Shangazi. Naomba radhi, pikipiki imeniharibikia tangu asubuhi, na miwani nimeiacha nyumbani. Nimekuja kukuomba tucheze kesho."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani anatania. Rukia akakimbilia maji ya kumnawisha, uso umemjaa furaha.

Mwanahawa naye alicheka. Kisha akaokota miwani yake, akachungulia.

Kivuli kile kilikuwa bado kimeshikilia lango, kikimsubiri.