Ukingo Wenye Mahakimu Wawili

Zamani kesi za nchi kavu zilihukumiwa na Nyati, na za mto zikahukumiwa na Kiboko. Kenge aliposhtakiwa kwa kula mayai ya Mamba ukingoni, Nyati alisikiliza mashahidi wote, akamwachia huru.

Kenge akaingia majini kurudi kwa mkewe. Kiboko akamkamata.

"Mheshimiwa, kesi hii imekwisha."

"Imekwisha kwa Nyati. Ukingo una pande mbili, ndugu yangu. Huku kwetu hata haijaanza."

Kwa ushahidi ule ule, Kiboko akamfunga msimu mzima wa mvua.

Siku aliyotoka, Kenge alimkuta mkewe amekufa ukingoni, shingoni ana alama za meno ya Mamba. Akakimbilia kwa Nyati.

"Pole sana, bwana. Lakini kichwa chake kimelala majini. Hiyo ni kesi ya mto."

Akaenda kwa Kiboko.

"Pole, ndugu yangu. Mkia wake uko nchi kavu. Mwone Nyati."

Kenge akamzika mkewe peke yake. Aliposhtakiwa yeye, ukingo ule ulikuwa na mahakimu wawili. Alipofiwa, haukuwa na hata mmoja.