Dawa ya Upara wa Maundu

Viatu ndivyo vilivyomtia Mutheu wasiwasi. Ni mwanaume gani huyo anayeenda Mata kupakia ndizi, analala huko siku tatu, halafu anarudi Voi viatu vinang'aa?

Tena alirudi amenuna. Ugali aliugusa tu. Kitandani aligeukia ukuta, na Mutheu alipomuuliza, jibu likawa lile lile: "Nimechoka, Mama Cynthia." Miezi minne anachoka! Ndizi gani hizo?

Jumapili walipotoka kanisani, uvumilivu ukamwisha.

"Baba Cynthia, leo utaniambia. Ni mwanamke?"

Maundu hakufoka. Alitoa pakiti ya vidonge mfukoni, akaiweka mezani, kisha akainamisha kichwa chake chenye upara.

"Ni hizi. Dawa za kuotesha nywele. Niliona aibu kukwambia. Kumbe kuna wanaume zinawavuruga roho. Unashinda na huzuni, hata hamu ya mke inakwisha."

Maskini wa Mungu! Mutheu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe amemwazia mabaya bure mtu mgonjwa. Alimwomba msamaha, akaupapasa ule upara.

"Huu ndio ulionioa. Nani alikwambia nataka nywele?"

Siku hiyo jogoo alichinjwa. Maundu alikula, akashiba, hata akatabasamu.

"Zitachukua muda kunitoka mwilini," alisema. "Labda nikipumzika Mata kidogo, nipate hewa ya shamba."

"Kaa hata mwezi mzima, bora upone," Mutheu alimjibu, akampigia pasi mashati yote mazuri.

Jumatatu Maundu aliondoka mapema. Mutheu akabaki na hasira zake, na sasa alijua pa kuzipeleka. Pakiti ilikuwa na kibandiko cha kemisti ya Phineas, pale karibu na soko. Akaenda mbio, akaibwaga juu ya kaunta.

"Phineas, huna haya? Miezi minne unamlisha mume wangu hii sumu!"

Phineas aliigeuza pakiti, akamtazama mama wa watu kwa mshangao.

"Miezi minne? Mama Cynthia, hii nilimuuzia Jumamosi jioni. Wala hakuuliza dawa ya nywele. Aliniuliza kama kuna dawa yoyote inayoweza kumfanya mwanaume amchoke mke wake."