Tai wa Mgongoni

Kila asubuhi, kabla ya chai, Babu alifunga mlango wa chumbani, akavua shati na kukaa ukingoni mwa kitanda, na Bibi akampaka dawa ya kuchua mgongoni. Mkono wa kulia ulishika kopo, wa kushoto ukachua. Kazi hiyo ilikuwa na mazungumzo yake, yaleyale siku zote.

"Polepole."

"Tulia."

"Mkono wako wa baridi."

"Mgongo wako mzee."

Asubuhi hii mlango ulisukumwa kabla hawajafika kwenye baridi. Mjukuu wao, aliyeletwa jana kwa likizo na bado hajazoea milango ya nyumba hii, alisimama kizingitini na mswaki mdomoni.

"Babu," alisema, "mbona una kuku mgongoni?"

Mkono wa Bibi ulisimama.

"Huyo ni tai, mchumba wangu," Babu alisema kwa upole. "Angalia vizuri. Tai, amesimama juu ya jiwe."

Mtoto alisogea, akainamisha kichwa huku na huku kama anayesoma tangazo lililobandikwa vibaya.

"Ni kuku, Babu."

"Mke mwenza, nenda ukasukutue," Bibi alisema haraka.

Chai ya Babu ilipoa kikombeni. Tatuu ile alichorwa ujanani, katikati ya mabega, mahali ambapo mtu hawezi kujiona bila kujivunja shingo. Kwenye kioo aliwahi kuona ncha ya bawa na kipande cha mdomo, akaridhika. Alikuwa ameagiza tai, na tai ndiye aliyetembea naye miaka yote chini ya shati. Bosi alipomfokea, Babu alimkumbuka ndege wake, akanyoosha mgongo. Alipoomba kazi, alipozika wazazi, alipomsindikiza binti yake kuolewa, walikuwa wawili.

"Wino huenea ngozini, mume wangu," Bibi alisema. "Mistari hunenepa. Hata mimi nilikuwa na kiuno."

"Basi leo nakwenda wamnyooshe."

"Ya nini? Mwache azeeke na wewe."

"Siwezi kuzikwa na kuku!"

Bibi, ambaye hakuwa na desturi ya kumfuata mumewe kwenye shughuli zake, alichukua mkoba akamfuata.

Duka la tatuu lilibanwa kati ya saluni na duka la simu. Fundi alikuwa kijana aliyejichora mpaka shingoni, lakini aliwaamkia kwa adabu zote na kumtandikia Babu shuka safi. Babu akalala kifudifudi. Ulimi wake ukalegea, kama unavyolegea kwa kinyozi.

"Nilikuwa namtaka binti wa duka la viatu," alisema, uso ukiwa ndani ya mto. "Alisema anapenda wanaume jasiri. Nikaenda kuchorwa tai. Mwenye duka la tatuu akanilaza hivihivi, nami namsimulia habari za huyo binti, akamwachia kazi mwanafunzi wake wa kike. Hata uso wake sikuuona. Alikuwa kimya, mkono mwepesi kama anatarizi."

"Na binti wa viatu?" fundi aliuliza.

"Nilimwonyesha mgongo, akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo ikawa mwisho. Nikajua ni mbavu zangu, maana nilikuwa mwembamba kama mwiko. Tangu siku hiyo sivui shati mbele ya mtu. Ila huyu mke wangu. Aliniona mgongo, hakucheka wala hakushtuka. Palepale nikasema, huyu ndiye."

Bibi alikuwa akikodolea macho picha za mifano ukutani, kana kwamba anachagua fuvu la kichwa la kwenda nalo nyumbani.

Fundi alivuta taa karibu. Akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Mzee, kazi hii haijaharibika," alisema. "Wino umefifia, umeingia ukijani kama tatuu zote za zamani. Lakini mistari haijaenea. Aliyekuchora aliiachia nafasi ya kuzeeka. Mtu huyo aliijua kazi."

"Kama haijaharibika, tai wangu amekwenda wapi?"

Fundi akamtazama Bibi, kama anayeomba msaada. Bibi alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Hakuwahi kuwepo, mzee. Hiki hapa ni kishungi cha kuku, kimechorwa kijino kimoja kimoja. Na hili jiwe..." Alikohoa kuficha kicheko. "Hili ni yai. Tena limetiwa kivuli vizuri mno. Huyu hakukosea. Alikusudia kuku, akamchora kuku, kwa mkono wa kushoto."

Babu aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alitarajia hasira ije, haikuja. Alibaki tu kama mtu aliyefukuzwa karamuni bila kuambiwa kosa lake.

"Lakini yule msichana nilimfanyia nini? Hata kusalimiana hatukusalimiana!"

Kwenye saluni ya jirani mtu alizima mashine ya kukaushia nywele, na ukimya ukawa mkubwa ghafla.

Bibi aliweka mkoba chini. Akachota mafuta kidogo kwenye kopo la fundi, akaanza kumpaka mumewe katikati ya mabega, polepole, kama kila asubuhi.

"Hukunifanyia chochote," alisema. "Nilitaka tu yule wa viatu acheke, aondoke, uniangalie mimi."