Behewa la Sihaba

Uvumi nilioupata Kilosa haukunitoka kichwani: eti behewa dogo la kuchezea, la kisasa, huonyesha abiria waliomo kwenye lile kubwa la kweli. Reli ya kuchezea aliyoniachia marehemu mume wangu ni ya saizi adimu, mabehewa ya siku hizi hayakai juu yake. Nilitafuta miezi saba hadi nikapata moja linalokaa, mfano wa behewa la treni ya umeme analopanda binti yangu Sihaba kwenda kazini. Nikamwona humo ndani, mdogo kama punje ya mchele, ameegemea dirisha.

Zamani alinipigia simu kila jioni. Sasa nikimpigia mimi, ananijibu, “Mama, si unaniona?” Kisha anakata.

Juzi alihamia kiti cha upande wa pili, akanipa kisogo.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:
kununua behewa analopanda mwanao;
kumwambia umemwona;
kugonga dirisha.