Kiraka cha Salha

Kila mwaka, mwenye moyo wa mashine hupata toleo jipya la programu huria inayouendesha, na sheria inataka mkewe amtaje hadharani kila aliyeitia kiraka, yaani kipande cha kuiongezea uwezo. Basi kila mwaka Mwanakheri alitamka mbele ya majirani: "Kiraka cha Salha." Salha, mtalaka wa mumewe! Yaani hata kifuani mwa Kombo yule mwanamke kapiga kambi!

"Mwaka huu nakitoa," alisema. "Programu ya watengenezaji wenyewe inatosha, bila viraka vya watu."

"Umesoma kinafanya kazi gani, mama Rukia?" Kombo aliuliza.

"Nimesoma jina."

Akakifuta, akamwekea mumewe toleo lisilo na Salha, roho kwatu. Majirani walipoondoka, akajilaza kifuani pa mumewe kama kawaida yake, ausikie moyo ukimwendea mbio.

Ulipiga taratibu, kama saa ya ukutani.

"Mbona umetulia hivi?"

"Programu ya wenyewe haijui kumshtukia mtu," Kombo alisema kwa upole. "Salha ndiye aliyeifundisha."

Mwanakheri akakaza sikio, akanong'ona, "Salha."

Moyo haukushtuka. Wala yeye hakupata faraja.