Mpigie Shangazi

“Usikate simu,” muuguzi alisema. “Hata ukikaa kimya, mimi nipo.”

Upande wa pili zilisikika pumzi tu, na kwikwi iliyozibwa kwa kiganja.

Zahanati ilikuwa na chumba cha vijana, ila wengi waliona haya kuonekana mlangoni pake. Ndipo ikawekwa simu ya mezani, na matangazo yakabandikwa mpaka mashuleni: Mpigie Shangazi, huulizwi jina. Zamu hiyo Shangazi alikuwa yeye.

“Mimi mwanafunzi,” sauti ilinong’ona, nzito kama ya mtu mwenye mafua. “Nina mimba.”

“Pole, mwanangu. Hapa hakuna wa kukugombeza.”

Mfamasia, aliyekuwa akipanga dawa kabatini, aligeuka akicheka chinichini. “Sauti hiyo ya upole ukienda nayo nyumbani, watakuuliza unaumwa nini.”

Muuguzi alimpungia mkono anyamaze.

“Nimepewa dawa ya chupa, Shangazi. Nikiimaliza yote, eti inatoka.”

“Dawa gani?”

“Sijui. Nyeusi. Inanuka kama mafuta ya taa.”

Mwezi uliopita muuguzi alimfunika shuka msichana aliyekunywa kitu cha namna hiyo, Mungu ampumzishe. Lakini hakupandisha sauti. Kwenye semina ya kupokea simu hizi walikatazwa hilo kabla ya mengine yote.

“Umeshaionja?”

“Bado. Nimeifungua.”

“Uko na nani hapo?”

“Peke yangu. Nilisema siendi shule, kichwa kinauma. Mama akasema ni uvivu, akaondoka.”

“Ukimwambia yeye, je?”

“Ataniua! Humjui wewe. Ni mtu wa ibada, akipita mtaani wanawake wenzake wanasimama kumsalimia. Kwa watoto wa watu ni mpole hasa. Kwangu mimi ni kufoka tu.”

“Kufoka ni hofu, mwanangu. Mimi pia ni mzazi, nafoka mpaka majirani wanajua chakula kimeungua. Lakini mtoto wangu akiwa na chupa kama hiyo mkononi, aibu ya mtaa nitaifanyia nini? Nitamtaka yeye, mzima.”

“Kweli?”

“Haki ya Mungu.”

Muuguzi akafumba macho, akamwombea kimoyomoyo huyo mtoto wa watu.

“Bado upo?”

“Nipo. Nimeishika.”

“Iweke chini. Halafu mpigie mama yako.”

“Akianza kufoka?”

“Hatafoka. Na akifoka, nitakuja mimi mwenyewe nisimame katikati yenu. Mpigie, mwanangu. Sasa hivi.”

Msichana alivuta pumzi ndefu. Safari hii hakunong’ona.

“Nimeshampigia, mama.”